Nilivyoacha kukimbia ufukweni nikajifunza kushika koti

Miezi sita niliyoimaliza nikikimbia ufukwe wa Silversands kila alfajiri bado inaniuma. Jamaa mmoja wa jimu hapa Malindi alishikilia kwamba judo ni pumzi: kimbia mchangani, nyanyua chuma jioni, pumzika Ijumaa tu. Nilikuwa na kilo 71. Akaniambia nishuke niingie chini ya 66, ati huko wapinzani ni wepesi.

Nikamsikiliza. Wiki tatu nilikula nusu sahani, na siku mbili za mwisho nikakata maji, nikavaa koti la mvua na kukimbia saa saba mchana, jua utosini. Mizani ikanipitisha. Kesho yake, Mombasa, niliingia ulingoni ulimi umekauka, mapaja yanatetemeka. Pambano ni dakika nne. Langu halikufika hata moja. Yule kijana alikamata mkono wa kulia wa koti langu kabla sijagusa lake. Nikavuta, nikavuta tena, kitambaa hakitoki. Nilichoona baada ya hapo ni taa za dari. Seoi-nage safi, yaani nilibebwa mgongoni na kutupwa mbele; ippon, alama kamili inayomaliza pambano. Vijana mnaokua, msikate maji kwa ajili ya mizani, nawaomba.

Mwalimu wangu wa Mombasa, mtu mzima asiyependa maneno mengi, alinikalisha pembeni. "Mwanangu, mbio unazo. Mkono huna."

Nikanunua daftari. Kila baada ya randori, pambano la mazoezi, kabla sijaoga, naandika nani kashika kwanza na nimeangushwa upande gani. Nilipofika pambano la thelathini na kitu, karibu kurasa zote zilikuwa zinasema jambo moja: nikishikwa mkono wa kulia kwanza, naanguka. Pumzi ilikuwa imeniangusha mara tatu tu.

Shida ni kwamba Malindi sina mwenzangu wa kushikana naye, na Mombasa ni kilomita 120 hivi. Naenda Jumamosi, nauli ya kwenda na kurudi ni kama elfu moja, siku nyingine zaidi. Siku za katikati ndizo zilizonisumbua, mpaka nikapata dawa yake kwa fundi baiskeli, aliyenipa mipira ya ndani kuukuu bila kutaka hata shilingi. Wengi huifunga mtini na kuivuta hivyo hivyo. Lakini mpira haufanani na koti. Nilikata mikono ya gi yangu, vazi la judo, iliyochanika, nikampelekea fundi cherehani aishone kwenye ncha za mipira, mshono mara tatu, nikaifunga kwenye mwarubaini wa nyuma ya nyumba. Sasa mkono unakutana na kitambaa chenyewe, kizito na kikavu. Nilijifunza kubana kwa kidole cha mwisho na cha pete, gumba likae legevu, kisha nageuka na kuingia chini. Uchikomi, yaani kurudia huko kugeuka na kuingia bila kumtupa mtu, mia mbili kwa siku, kumi kumi. Wiki ya pili ngozi ya vidole ilibanduka; nikafunga plasta na kuendelea. Mama alikuwa akipita na ndoo ananiuliza, "Huo mti umekukosea nini, mwanangu?"

Ratiba niliihesabu kutoka siku ya mashindano kurudi nyuma, wiki 12. Wiki tatu nzito, moja nyepesi. Ramadhani ikaangukia katikati, na hapo wengi huacha kabisa. Mimi nilifanya uchikomi polepole nusu saa kabla ya futari, mazoezi mazito baada ya tarawehe, na daku sikuiruka hata siku moja. Wiki ya mwisho nilipunguza kila kitu: mazoezi mafupi, ya kasi, na usingizi. Jamaa wa jimu alisema nimekuwa mvivu.

Nikaingia uzito wa chini ya 73, nimekula na nimekunywa. Pambano la kwanza nilishika mimi kwanza, mkono kisha ukosi, na dakika ya pili nikapata ippon. La pili lilivuka dakika nne likaingia muda wa nyongeza. Vidole vyake vililegea kabla ya vyangu, nikauhisi mkono wa koti lake ukija wenyewe. La tatu nilipoteza chini: nilibanwa mgongo mkekani sekunde 20 kamili.

Usiku ule ule, ndani ya basi la kurudi, niliandika kwenye daftari: newaza, yaani mapambano ya chini mkekani, upande wa kushoto. Jumamosi naanzia hapo.