Mwaka niliokataa kuchimba ngoro

Niliporudi Mbinga kutoka Dar nilijiona mjuzi wa kilimo. Nilishafuga kuku wa kisasa (walikufa wote, lakini hiyo ni habari nyingine), nimehudhuria semina mbili, na simu imejaa video. Mama mkubwa akanikatia kipande cha shamba mlimani, mteremko ambao ukiponyokwa na boga unalifuata mtoni. Akaniambia nitafute wa kufyeka nyasi tuchimbe ngoro, yale mashimo yetu ya mraba yaliyozungukwa na matuta.

"Hapana mama, nitaweka vibarua wapige matuta ya kawaida. Siku tatu tumemaliza."

Akanitazama. "Haya. Shamba ni lako."

Maharage yaliota vizuri, nikapiga picha nikarusha kwenye grupu la familia. Aprili ikanyesha usiku kucha. Maji yalijaa nyuma ya tuta la juu, likapasuka katikati, likabomoa la chini yake, nalo likabomoa linalofuata. Asubuhi nilikuta korongo jekundu la kunifika kiunoni, na maharage yangu yako kwa jirani. Kwa mama mkubwa, hatua chache tu pembeni, kila shimo limetuamisha dimbwi lake, kimya. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Msimu uliofuata nikaomba kufundishwa. Ngoro huanza na nyasi: wanaume wanafyeka kwa nyengo, yaani mundu, zinaachwa zikauke, kisha zinapangwa mistari ya kukatana mpaka mlima mzima unakuwa vyumba vya mraba, ukiutazama kwa mbali ni kama nyavu za wavuvi wa Mbamba Bay zimeanikwa. Halafu tunaingia wanawake na majembe. Unasimama katikati ya chumba, unachimba udongo na kufunika nyasi pande zote nne, unamwaga maharage juu ya tuta, unachimba tena kidogo kuyafunika. Ulipokuwa umesimama pamebaki shimo. Mvua ikija, maji yanaingia shimoni na kuzama taratibu, na udongo uliosombwa unabaki humo humo. Nyasi zinaozea ndani ya tuta, ndiyo mbolea. Maharage yakivunwa, mwisho wa mwaka mahindi yanapandwa kwenye matuta yale yale, na magugu tunayatupia shimoni.

Wazee wanasimulia kwamba babu zetu Wamatengo walibanwa huku juu na vita vya Wangoni karne ya 19. Watu wengi, ardhi kidogo na yote imeinama: pa kuhamia hapakuwepo, ikabidi udongo utunzwe. Wataalamu wanakuja, wanasifia, wanapiga picha. Mimi naongeza tu kwamba anayeinama kutwa nzima ni mwanamke, na mgongo wangu ulinidai wiki mbili.

Ndiyo maana ngoro haichimbwi na mtu peke yake. Zamani waliitana kwa ngokela: leo kwako, kesho kwangu, mwenye shamba anapika na kutoa pombe. Halafu fedha za kahawa zikawazoesha watu vibarua, na miaka ya tisini ushirika ulipoanguka, mbolea ya mkopo ikakatika na hela ya vibarua nayo ikapotea. Waliobaki na majirani wa kuwaita ndio waliovuka. Kijiji cha Kindimba watu walienda mbali zaidi: wakishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine waliifufua sengu, ile kawaida ya ukoo kula pamoja na kusemana, wakaifanya kamati ya kusimamia mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji.

Sisi tuko wanawake kumi na mmoja. Tunachimbiana kwa zamu, na kila Jumapili baada ya misa tunanunua hisa za akiba ya kikundi, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Mwaka jana mshika ufunguo mmoja alikwenda Songea kuuguza mtoto bila kuuacha, tukakaa wiki tatu tunalitazama sanduku. Tulimpiga faini, kisha tukachanga pesa za kumtumia hospitalini, nyingi kuliko faini yenyewe.

Zamu yangu ni Jumanne. Nyasi zimeshakauka, mama mkubwa amepita jana, akapangua mistari miwili akisema nimeipanga myembamba kama nywele za mgonjwa. Unga upo, usipa nimenunua. Kuhusu komoni, pombe yetu ya kienyeji, bado tunabishana, maana wawili kati yetu wameokoka.