Lipia miaka yako ya jeshini mapema

Ukiajiriwa na serikali kuu ya Marekani chini ya FERS (mfumo wa pensheni wa wafanyakazi wa serikali hiyo), miaka ya jeshini haiingii yenyewe kwenye pensheni, unailipia. Wengi hukosea hapa: wakiona siku za likizo zimeongezwa bure, hudhani na pensheni imeshapangwa.

Tuma RI 20-97 (fomu ya kuomba makadirio ya mapato ya jeshini) pamoja na DD 214 (cheti cha kuachiwa jeshini) kwa ofisi ya mishahara ya jeshi lako, upate hesabu ya mshahara wa msingi. Kisha peleka SF 3108 (fomu ya ombi la kulipia miaka hiyo) kwa mwajiri. Kwa kawaida malipo ni asilimia 3 ya mshahara huo wa msingi: kama jeshini ulilipwa jumla ya dola 100,000 kwa miaka 4, unadaiwa 3,000. Wastani wa mshahara wa miaka yako 3 mfululizo iliyolipa zaidi serikalini ukiwa dola 80,000, pensheni yako inaongezewa takriban 3,200 kila mwaka, maisha yako yote!

Riba huanza baada ya miaka 2 kazini. Maliza kulipa kabla hujaacha kazi, na risiti ya mwisho itunze.