Nilivyopunguza gharama ya intaneti tukiishi kwenye gari, Nakuru hadi Mbita

Gari letu ni Hiace kuukuu iliyowahi kuwa matatu. Fundi wa jua kali pale Nakuru aliing'oa viti, akatuwekea kitanda, kabati na betri ya pili inayochajiwa na paneli ya sola juu ya paa. Mke wangu hufuata siku za soko akiuza miwani ya kusomea na vitenge. Mimi kazi yangu ni kunukuu sauti. Natumiwa rekodi za mikutano na mahojiano, nazisikiliza, naziandika neno kwa neno, narudisha. Tukitoka Nakuru tunapita Salgaa na Mau Summit, tunalala Kericho, tunateremkia Ahero na Kisumu, kisha ama tunapanda Luanda, Kakamega na Busia, ama tunazunguka ziwa hadi Homa Bay na Mbita. Wanaonipa kazi hawajui nimelala wapi, na hawana haja ya kujua mradi faili zimefika.

Tulipoanza, intaneti ilikuwa inakula karibu shilingi elfu sita kwa mwezi. Siku hizi mwezi ukiwa mbaya sana unafika elfu mbili na mia tano, na kazi imeongezeka. Watu wakisikia hivyo hungoja niwatajie bando fulani la siri. Halipo. Kilichoshusha gharama zaidi ni kujua pa kuegesha.

Chukua ofa za saa moja. Nimekuwa nikinunua GB 1 ya saa moja kwa shilingi 19, na sijaona bando la mwezi linalokaribia bei hiyo. Lakini ile GB ni yako tu kama mtandao utakupa yote ndani ya dakika sitini. Piga hesabu: kasi ya megabiti moja kwa sekunde, saa nzima, haitoi zaidi ya MB 450. Zilizobaki zinapotea saa ikigonga. Ili uimalize GB yote unahitaji zaidi ya megabiti mbili kwa sekunde bila kukatika. Kwa hiyo ukiwa umeegesha mahali wazi umelipa shilingi 19 kwa GB. Ukiwa umejibanza nyuma ya kilima, bando lile lile limekugharimu zaidi ya arobaini kwa GB. Zile bando zisizo na muda, ambazo Safaricom walizileta Oktoba 2019, ukigawanya kwa GB ni ghali zaidi, ila hazikukimbizi. Hizo naziweka kwa ajili ya mahali pabaya.

Basi tukifika mahali, kabla sijanunua chochote, naangalia nguvu ya mtandao. Sifungui programu za kupima kasi, kwa sababu nazo hula data, na mtandao ukiwa mzuri ndivyo zinavyokula zaidi. Naingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya kuhusu simu, halafu hali ya SIM. Pana namba yenye alama ya kutoa na herufi dBm. Ikiwa -85, nacheka. Ikiwa -100, kazi itaenda. Ikishuka hadi -115, hapo ni pa kulala tu, si pa kufanyia kazi. Vile vijiti vinne vya juu ya kioo visikudanganye. Kila kampuni ya simu huvichora inavyopenda.

Adui wa kwanza ni gari lenyewe. Bati huzuia mawimbi. Mifi yangu, kile kifaa kidogo cha laini kinachotoa Wi-Fi, ikiwa kitandani ilisoma -111, nikiipandisha juu ya paa ikasoma -101, na nilipoifunga kwenye mlingoti wa mita nne ikafika -94. Namba hizo zinaonekana kama zimekaribiana, lakini kila desibeli kumi ni nguvu mara kumi. Niliuliza bei ya antena za kufunga juu ya gari, zile zenye nyaya mbili, nikaambiwa bei ya kutosha kununua mifi nyingine tatu. Isitoshe, waya mrefu wa antena hupunguza mawimbi njiani, kwa hiyo unalipa kupata na unalipa kupoteza.

Nikaamua kupandisha mifi yenyewe. Nilichukua ndoo ya rangi ya lita nne yenye kifuniko, nikaiosha, nikatoboa matundu madogo upande wa chini ili hewa ipite na mvua isiingie. Ndani mnakaa mifi na power bank, maana waya wa USB wa mita tano hupoteza umeme na mifi inaanza kujizima na kujiwasha. Ndoo inafungwa kwenye bomba la plastiki la maji, bomba linafungwa kwa mpira wa boda boda kwenye keria ya gari. Plastiki haizuii mawimbi. Kisumu saa saba mchana ndoo hiyo hugeuka jiko, kwa hiyo naifunika kwa kitambaa cheupe au naihamishia upande wenye kivuli. Watoto hutuuliza kama tunafuga nyuki.

Baada ya hapo ni wenyeji. Jioni moja tulifika karibu na Mbita, tukaegesha kwenye kiwanja tambarare kando ya ziwa, ndoo ikapanda, namba ikakataa. Mama mmoja aliyekuwa akianika omena alinitazama nikizungusha bomba mpaka akachoka kunitazama.

"Baba, hapo utakesha," akaniambia. "Peleka gari kule kwa jiwe. Watoto wa sekondari hukaa pale wakitafuta matokeo yao."

"Kuna mnara huko, mama?"

"Mnara uko ng'ambo. Lakini pale unaingia."

Tukasogeza gari. Kutoka -113 nikapata -92. Maelezo yake si magumu: pale kiwanjani miti na mabega ya kilima yalikuwa yamekaa katikati yetu na mnara, ilhali kwenye jiwe unatazama maji matupu hadi upande wa pili, na juu ya maji mawimbi hayana cha kugonga. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza nikifika mahali si choo kiko wapi. Nauliza watu hupigia simu wapi. Kila kijiji kina pahali pake.

Mlimani napo kuna jambo ambalo halikunikaa akilini mara moja. Nandi Hills, ukiegesha ukingoni pale unapoona mashamba ya miwa ya Chemelil na Muhoroni yametandaa chini, simu husoma -80. Safi kabisa. Kasi ikawa duni kuliko ya kwenye jiwe la Mbita. Kumbe mahali pa juu hivyo unaonwa na minara mingi ya bondeni kwa pamoja, na inaingiliana. Dawa yake ilikuwa kushusha ndoo chini na kuiweka nyuma ya gari, ili bati lizuie bonde na kuacha wazi upande wa mnara mmoja ulio jirani. Namba ikazidi kuwa mbaya, kasi ikapanda.

Saa nazo zina bei. Mjini, Nakuru au Kisumu, kati ya saa mbili na saa nne usiku kila mtu yuko kwenye video na mnara unagawana. Mimi huamka saa kumi alfajiri. Bando la saa moja la wakati huo likibaki, halibaki kwa kukosa kasi. Linabaki kwa kukosa kazi.

Kuhusu laini, tunazo tatu. Safaricom kwa sababu inashika karibu kila tunapolala, Airtel kwa sababu mara nyingi bei yake ni ya chini, na Faiba kwa ajili ya Nakuru na Kisumu mjini. Ya Faiba ina sharti: 4G yake iko kwenye masafa ya megahezi 700, yaani bendi 28, na mifi isiyo na bendi hiyo haiioni kabisa, hata mnara ukiwa juu ya kichwa chako. Angalia kwenye kijitabu cha kifaa kabla hujatoa pesa. Laini ya M-PESA ya mke wangu haiingii kwenye ndoo hata kidogo; mteja akisema ametuma, ujumbe lazima uingie saa hiyo hiyo, si baada ya mimi kushusha bomba. Na kwenye laini zote nimezima ile hali ya kula salio bando likiisha. Ukiiacha wazi, shilingi mia mbili hupotea kabla hujamaliza kuswaki.

Ushuru pia umo. Sheria ya Fedha ya 2023 ilishusha ushuru wa bidhaa kwenye huduma za simu na intaneti kutoka asilimia 20 hadi 15, lakini VAT ya asilimia 16 iko pale pale. Hapo hakuna ndoo itakayokusaidia.

Unachoweza kufanya ni kupunguza data inayopita. Kompyuta ya Windows ikishika Wi-Fi ya mifi hudhani iko nyumbani kwa tajiri, inaanza kushusha masasisho. Nimeiambia kwenye mipangilio kwamba muunganisho huo unalipiwa kwa kipimo, ikatulia. WhatsApp haishushi video mpaka niguse. Picha za simu hazijipandishi zenyewe. Lakini katika kupunguza huko, kilichonisaidia zaidi ni kumwomba mteja wangu mkubwa abadilishe faili. Alikuwa ananitumia sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde, karibu MB 58 kwa kila saa ya mkutano. Nikamwomba anitumie ya chaneli moja ya kilobiti 32, takribani MB 14. Sauti ya mtu akizungumza haipotezi kitu cha kumsumbua mnukuzi, na yeye mwenyewe akafurahi kwa sababu sasa anapandisha haraka. Mikutano ya video nahudhuria kamera ikiwa imezimwa. Masasisho makubwa yananisubiri Milimani, Kisumu, kwa rafiki mwenye intaneti ya waya nyumbani. Sendi kwake mikono mitupu. Samaki wa ngege wawili watatu hulipa GB nyingi.

Watu huniuliza mbona sinunui Starlink, ile intaneti ya setilaiti. Ilipoingia Kenya mwaka 2023, kifurushi cha kawaida cha nyumbani kilikuwa shilingi 6,500 kwa mwezi, na vya bei ya chini vimekuja baadaye. Bei siyo sababu yangu kubwa. Dishi la kawaida hula wati 50 hadi 75. Nikifanya kazi saa nane kwa wati 50, hizo ni wati-saa 400, na betri yetu ya asidi ya 12V, ampea-saa 100, sithubutu kutoa zaidi ya nusu yake, yaani wati-saa 600. Tukishawasha taa, feni na kompyuta hapabaki kitu, na mifi haifiki hata wati tano. Isitoshe dishi linataka anga wazi, na sisi Kakamega hupenda kulala chini ya miti kandokando ya msitu. Ukiwa na gari kubwa, sola ya kutosha na kazi ya kupandisha video kila siku, hesabu yako itakuwa nyingine. Nimekutana na familia moja ya watalii Dunga iliyokuwa nalo. Tulichanga gharama kwa siku chache tulizokaa pamoja na kila mtu aliridhika.

Busia ndiyo inayotaka tahadhari ya peke yake. Ukikaribia mpaka, simu huona minara ya Uganda, na ikiwa ya huko ina nguvu zaidi inahamia bila kukuuliza. Bando lako la Kenya halifanyi kazi, na kama roming ya data, yaani ruhusa ya kutumia mtandao wa nchi nyingine, iko wazi unalipa kwa bei nyingine. Kuzima roming peke yake hakutoshi, kwa sababu simu inaweza kushikilia mnara wa ng'ambo na wewe ukabaki bila data kabisa ukidhani mtandao umelala. Nikipita Bumala nasimama, nazima roming kwenye simu na mifi, kisha naondoa ile hali ya kujichagulia mtandao na kuchagua wa Kenya kwa mkono. Mke wangu naye hufanya hivyo kwenye simu ya M-PESA, maana wateja wake wa Busia hulipa haraka na huondoka haraka zaidi.