Mji Wenye Jina la Aliyeshindwa

Hesabu ya ngazi za mlima Chamundi ilinipotea nilipofika mia tatu na ushei. Wenyeji wa Mysuru, mji wa kusini mwa India, wanasema zinapita 1,000, na magoti yangu hayakubisha. Mbele yangu mama mmoja aliinama kila ngazi, akaipaka manjano na ile poda nyekundu ya kwenye paji la uso, akapanda, akainama tena. Ana nadhiri yake. Nikaona haya kupumzika.

Nilitoka Bengaluru, ninakosoma, kwa treni ya asubuhi. Katikati ya mlima Chamundi nikamkuta Nandi, fahali wa Shiva, mungu wa Wahindu, kachongwa katika jabali moja tangu karne ya 17, kichwa chake kikipita paa la kibanda cha karibu. Nikampita haraka, nilikuwa na miadi na zimwi.

Naye yuko juu kileleni, sanamu ya Mahishasura, masharubu mazito, upanga mkono mmoja, nyoka mkono wa pili, rangi zinang'aa utadhani kapakwa jana. Watoto wamemzunguka wanapigwa picha. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, nikajisemea.

Kisa chake nakipenda. Alifanya ibada kali hadi mungu Brahma akamkubalia ombi: asiuawe na mwanamume yeyote, awe mungu au binadamu. Wanawake hakuwataja, aliwadharau. Akawafukuza miungu mbinguni. Hasira zao zikawaka moto mmoja, humo akatoka mungu wa kike, Durga. Shiva akampa mkuki wa ncha tatu, Vishnu gurudumu lenye makali, mlima Himalaya ukamletea simba. Zimwi likageuka nyati, simba, tembo, nyati tena. Durga akamkanyaga shingoni, na zimwi lilipokuwa likichomoza nusu mwili kutoka kinywani mwa nyati, akamkata kichwa.

Hapa Durga wanamwita Chamundeshwari. Hekalu lake lina mnara wa ghorofa saba, nami baada ya foleni ndefu nilimwona kwa sekunde chache tu, kazama kwenye maua. Lakini mji wenyewe, Mysuru, umeitwa kwa jina la yule nyati, Mahishasura.

Jioni nikamtumia mama picha. Akanipigia kutoka Tanga:

"Mwanangu, huyu mwenye nyoka ndiye mungu wao?"

"Hapana mama, huyo ndiye aliyeuawa."

"Sasa aliyemuua yuko wapi?"

Nikapekua simu. Picha kumi na nne, zote za zimwi.