Binti Yangu Aliponiita Madam

Siku niliyokabidhiwa shule kama mkuu wake, mwanzoni mwa mwaka 2017, vitu vilipangwa mezani kimoja kimoja: mhuri, funguo za stoo, kadi za benki, leja ya mali, na chini kabisa kitabu cha kumbukumbu za adhabu. Tulihesabu madawati, tukahesabu majembe na makwanja, tukasaini. Kitabu cha adhabu sikukifungua. Kilikaa kabatini zaidi ya miaka miwili, na muda wote huo, kutoka kwenye kiti changu, nilikuwa nasikia fimbo zikilia nje ya ofisi ya walimu.

Shule ni ya kata, ya kutwa, katika milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto. Ni moja ya zile zilizojengwa kwa mawe na mchanga wa wananchi baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari kuanza mwaka 2004. Mimi nilifika mwaka mmoja baada ya ada kufutwa. Ile shilingi 20,000 kwa mwaka ilikuwa imewazuia watoto wengi kuliko tulivyodhani, maana ilipoondoka walimiminika. Darasa la kukaa wanafunzi 40 lilikuwa na zaidi ya 70. Mwalimu wa hisabati alikuwa mmoja kwa kidato cha kwanza hadi cha nne. Kwenye semina za uongozi tulikuwa tumefundishwa manunuzi, bajeti na jinsi ya kuongoza kikao. Hakuna aliyenifundisha la kufanya na mwalimu mwenye wanafunzi 70 mbele yake na kelele mlango wa pili.

Kwa hiyo tulichapa. Nami nilichapa. Nilikuwa nasimama getini saa moja na nusu asubuhi, wachelewaji wanapanga mstari, kila mmoja anakula stiki mbili, wanaingia darasani. Nikiona geti limefungwa na mstari umekwisha, nilijiona nimeongoza.

Binti yangu aliingia kidato cha kwanza shuleni kwangu mwaka 2018. Tulikuwa tunakaa nyumba ya mkuu wa shule, hatua chache kutoka uwanjani, na baba yake anafundisha shule ya msingi kijiji cha jirani. Kumpeleka mtoto kwingine kungemaanisha bweni na gharama, na moyoni nilitaka wazazi waone kwamba shule ninayowaambia ni nzuri, hata wangu anasoma hapo. Shuleni ananiita Madam kama wenzake, nyumbani mama. Tulikubaliana hivyo bila hata kukaa chini.

Jioni moja ya mwezi wa sita mwaka 2019, ukungu umeshuka na baridi ile ya kwetu inayoingia mpaka kwenye mifupa, nilirudi nyumbani nikasikia harufu ya maharage yaliyoungua. Niliuliza tangu mlangoni, "Nani alikuwa anaangalia maharage?" Binti yangu akaweka mwiko chini, akanigeukia, akarudisha mikono nyuma, akatazama sakafu. "Samahani, Madam," akasema.

Baba yake alikuwa ameketi pale na mtoto wetu mdogo mapajani. Hakusema kitu. Alinyanyuka akatoa sufuria nje. Mimi nilienda chumbani nikakaa kitandani na mkoba wangu bado begani, nisijue nitoke nikasemeje.

Nilimuuliza siku hiyo hiyo, akanijibu kama wanavyonijibu wanafunzi: hakuna shida. Ilichukua siku kadhaa. Jumamosi tukichambua mchele uani ndipo alipoongea, macho kwenye ungo. Alisema wenzake wakichapwa wanamtazama yeye. Wanadhani usiku ananipelekea habari, wakimwona anakuja wananyamaza. Kisha akasema, "Na hata ningetaka kukwambia, mama, ukiuliza 'kwa nini' huwa hungoji jibu."

Nilikuwa na miaka 15 kazini wakati huo. Nimekaguliwa na watu wazito, nimesomewa ripoti mbele ya bodi ya shule, lakini hakuna tathmini iliyowahi kunifika hivyo.

Jumatatu nilikitoa kile kitabu kabatini. Adhabu ya mwisho ilikuwa imeandikwa miaka sita nyuma, wakati fimbo hazijawahi kupumzika hata wiki moja. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 nilizijua, kila mkuu wa shule anazijua: viboko visizidi vinne, anachapa mkuu wa shule au mwalimu aliyemkasimu kwa maandishi, msichana anachapwa na mwalimu wa kike, labda awe hayupo kabisa, na kila adhabu iandikwe, kosa na idadi ya viboko, mkuu asaini. Tulikuwa tunavunja karibu kila mstari, na mvunjaji wa kwanza alikuwa mimi pale getini.

Kwenye kikao cha walimu sikusema tunafuta viboko. Nilisema kuanzia kesho tunafuata kanuni ilivyo. Anayeona mwanafunzi anastahili fimbo amlete kwangu, mwanafunzi aeleze mbele yetu wote wawili, na kama tutaona ni lazima, tutaandika na nitasaini. Mwalimu wetu wa nidhamu, mzee aliyebakiza miaka mitatu kustaafu, alisimama. "Madam, unatuvua nguo mbele ya watoto. Wakijua sina fimbo, nitawaambiaje wanyamaze?" Wengi waliitikia kwa vichwa. Nilimwambia, "Mzee wangu, mimi mwenyewe sijui. Naomba tujifunze pamoja mpaka mwisho wa muhula, tukishindwa utaniambia hapa hapa."

Wiki ya kwanza ofisi yangu ilikuwa kama kituo cha polisi. Nilichelewa ripoti za halmashauri, nilikosa kikao kimoja. Mwezi ule wa mwanzo kitabu kilijaa kurasa 11. Sasa, kwa kuwa nililazimika kuandika kosa, nililazimika pia kusikiliza, na niliposoma zile kurasa kwa mfuatano niliona kosa ni lile lile: kuchelewa, kuchelewa, kuchelewa, na mengi yaliangukia siku ya gulio.

Kwetu ni nchi ya mboga. Kabichi, karoti, viazi, pilipili hoho, vyote vinateremka kwa vichwa vya watu mpaka barabarani yanakosubiri malori. Asubuhi ya gulio mtoto anaamka saa kumi alfajiri, anashusha mzigo na mama yake, anapanda tena mlima kuvaa sare, ndipo anakuja shule. Nilikuwa nachapa watoto waliokuwa wamefanya kazi kwa muda wa saa tatu kabla mimi sijanywa chai. Wengine walikuwa wamepanga mageto, yaani vyumba vya kuishi wenyewe, karibu na shule kwa sababu kwao ni mbali mno, na hao walichelewa kwa sababu nyingine: wamelala bila kula.

Siku ya gulio hatukuweza kuibadilisha. Tulichofanya ni kupanga upya ratiba ya siku ile. Usafi wa mazingira na shamba la shule, ambavyo vilikuwa mchana, tukavileta asubuhi. Anayechelewa anakuta wenzake shambani, anachukua jembe, hajakosa kipindi. Mwalimu wa taaluma ndiye aliyebuni, si mimi, na alikuwa na wazo hilo siku nyingi ila hakuwa ameulizwa.

Suala la chakula cha mchana kwa wanafunzi lilikuwa gumu zaidi. Baada ya ada kufutwa, neno "mchango" lilikuwa la kuogopwa, na wazazi walikuwa na haki ya kuogopa. Tulikaa vikao vitatu, mtendaji wa kata akiwapo. Katika kikao cha tatu, mama mmoja anayeuza karoti aliuliza swali ambalo wote walikuwa nalo: mahindi yetu yakiingia stoo, ufunguo anashika nani? Nikasema, shikeni ninyi. Kamati ya wazazi ikashika ufunguo, ikaandika daftari lake, na mpaka naondoka pale sikuwahi kuingia stoo ile bila mzazi mmoja. Asiye na mahindi alileta kuni au alichota maji. Tulibishana sana kuhusu wale ambao kwao hawakuleta chochote. Msimamo wangu ulikuwa kwamba sufuria ni moja na kila mtoto anakula. Wazazi wawili waliacha kuchangia kwa hasira, mmoja alirudi muhula uliofuata. Nisingebadilisha msimamo huo hata leo. Makande ya saa saba mchana yalifanya kazi ambayo fimbo zetu hazikuwahi kuifanya.

Mzee wa nidhamu hakusimama tena kwenye kikao. Siku moja nilipita darasani kwake nikamkuta amekaa kwenye dawati la nyuma kabisa, kati ya wavulana wawili watundu, na darasa linaendelea na kazi. Alipostaafu, wale wavulana ndio waliombebea kabati lake mpaka kwenye gari.

Nyumbani kulinichukua muda mrefu zaidi. Shuleni nilikuwa na kitabu, ninaona kurasa zikipungua. Nyumbani hakuna leja. Nilichoanza nacho ni simu. Makundi ya WhatsApp ya kazi yanajulikana: takwimu zinatakiwa leo kabla ya saa kumi, na saa tatu usiku zinatakiwa nyingine. Nilimpa makamu wangu namba ya mume wangu kwa dharura, na simu yangu ikawa inaingia kabatini saa moja jioni mpaka watoto walale. Mara mbili nilipata barua ya kutakiwa kujieleza kwa kuchelewa kutuma takwimu. Nilijieleza. Jambo la pili lilikuwa kuuliza na kungoja, kama nilivyokuwa nawafanyia watoto wa watu mchana. Huyu wangu alikuwa na ukimya mrefu. Kuna jioni tulikaa hapo uani mpaka mkaa ukazima, hajasema neno, nikaenda kulala.

Mwaka 2021, akiwa kidato cha nne, ni yeye aliyenifungulia jambo ambalo walimu wote hatukuwa nalo. Msichana mmoja alikuwa ameacha shule mwaka uliopita, na kwetu aliandikwa "mtoro". Binti yangu aliniambia alikuwa na mtoto na anaishi kwa bibi yake. Mwezi wa kumi na moja serikali ilitoa waraka wa kuwarejesha waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwamo. Nilipanda mlima na mwalimu wa malezi mpaka kwa bibi yule. Jina la msichana nilikuwa nimelikuta kwenye kitabu: mwezi ule wa mwanzo wa kuandika, kosa kuchelewa, viboko viwili, sahihi yangu. Januari 2022 alirudi darasani. Alimaliza, na mtoto wake alilelewa na bibi mpaka siku ya mtihani wa mwisho. Mimi sahihi ile naikumbuka.

Sasa nimehamishiwa shule nyingine, bado mkoa wa Tanga. Binti yangu yuko chuo, ameniruhusu niandike haya baada ya kuyasoma na kunisahihisha sehemu mbili. Mdogo wake, yule aliyekuwa mapajani, yuko darasa la saba, na Januari ataanza kidato cha kwanza. Baba yake anataka aje kwangu. Yeye hataki. Juzi alianza kunieleza sababu zake, akafika katikati akanyamaza. Nimemwambia tutaendelea Jumapili, mimi na yeye tu.