Gorogoro ya mamangu

Hii ilikuwa 2017, na nilikuwa na hadithi imekwama ukurasa wa nne tangu Krismasi. Mama wa soko, bwana yake amefutwa kazi, basi. Kila nikifungua daftari nawapata wamekaa palepale.

Tulikuwa waandishi watano na tulikutana Jumamosi kwa ngazi za maktaba ya McMillan pale Banda Street, Nairobi, katikati ya wale simba wawili wa mawe. Ndani huwezi soma kwa sauti, so tukatembea hadi Jeevanjee tukakaa kwa nyasi na karanga zetu. Hiyo bustani mzee Jeevanjee aliwapa watu wa mji tangu 1906 na mimi huipenda sana kwa kusoma, kuna wahubiri, kuna wapiga picha, kelele kila upande, ukiona watu wamekusikiliza hapo jua kuna kitu umeandika.

Nikasoma kurasa zangu. Kimya. Halafu mzee wetu, mwalimu mstaafu, mtu wa mashairi, akaniuliza, "Binti yangu, huyu mama anauza nini?"

"Vitu tu vya soko, Mzee."

"Vitu gani? Anapima na nini?"

Aki hilo swali. Maana mamangu aliuza mahindi na maharagwe Githurai miaka yote nikikua, alikuwa anapima na gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, na kila mtu wa soko anajua venye mingi hugongwa kitako kiingie ndani ndio ionekane imejaa na haijajaa. Ya mamangu kitako kilikuwa kimenyooka, na alama ndogondogo za nyundo, ukipitisha kidole unazihisi. Na bado alikuwa anajaza mpaka inafanya kilima, mteja akisema ongeza mama, anaongeza. Nilijikuta nimewaambia haya yote na sikuwa nimewahi kuyaambia mtu.

Dada mmoja anayeandika tamthilia aliacha kutafuna karanga. "Na nani alinyoosha huo mkebe?"

Nikasema ni mama, si ni nani mwingine. Lakini hiyo kitu ilinisumbua, nikaingia matatu ya 45 jioni nikampigia.

"Mum, ile gorogoro yako uliinyoosha na nini?"

"Si mimi. Ni babako. Ule mwaka alifutwa. Aliomba nyundo kwa jirani akaketi nayo huko nje usiku mkiwa mmelala, akasema hata kama hana kitu analeta, hakuna mtu ataibiwa na nyumba yake."

Sikujua niseme nini, nikamwambia tu nitakupigia, Mum. Nikatoa daftari palepale, gari inaruka matuta, kalamu inateleza. Kurasa nne nzima nilikuwa nimemwacha yule bwana kwa kiti. Nikamtoa nje usiku, akabishe kwa jirani, aombe nyundo.