Jinsi hipnosisi ilivyonituliza tumbo

Kwanza niwajibu walioniambia kwamba hipnosisi, yaani kutulizwa kwa maneno ya mtaalamu hadi akili izame kwenye jambo moja, ni kumkabidhi mtu mwingine akili yako. Si kweli, na ushauri huo ulinichelewesha sana kupata nafuu. Nikiwa kwenye kiti cha mtaalamu nilisikia kila neno lake, na mlango ukigongwa nje niliusikia pia. Siku moja pua iliniwasha, nikaikuna, tukaendelea.

Ugonjwa wangu ni IBS (irritable bowel syndrome), utumbo unaosumbua mara kwa mara. Walio nao wanaujua: tumbo linasokota, linajaa gesi, leo unaharisha, kesho choo hakitoki, na majibu ya vipimo yanarudi safi. Vipimo usiviruke hata kidogo. Damu chooni, au kukonda bila sababu, ni mambo ya daktari kabla ya mtu mwingine yeyote. Wangu alinieleza kwamba utumbo hauna kidonda, ila mawasiliano kati yake na ubongo yamevurugika, hata gesi kidogo ambayo mwingine haisikii, mimi inaniumiza. Waliosikia hayo wakanirukia: "Kumbe ni mawazo tu! Acha kuwaza." Mawazo gani yanamwamsha mtu usiku ameshika tumbo?

Daktari huyohuyo ndiye aliyenitajia hipnosisi. Mwaka 1984 daktari Peter Whorwell na wenzake wa Manchester walichapisha katika jarida la The Lancet jaribio la wagonjwa 30 ambao tiba nyingine zilikuwa zimewashinda. Waliopewa hipnosisi walipata nafuu kubwa kuliko wenzao waliopewa tiba ya mazungumzo na vidonge visivyo na dawa. Hapo nikaanza kutafuta mtu wa kunisaidia.

Wa kwanza alitaka kunirudisha utotoni nikumbuke "kilichonipata". Niliaga nikaondoka. Katika hali ile mtu anaweza kujengewa kumbukumbu ya jambo ambalo halikutokea kamwe, akaliamini kabisa. Anayekuahidi kufukua siri za namna hiyo, mkimbie.

Wa pili alikuwa mwanasaikolojia mwenye leseni, aliyezoea wagonjwa wa tumbo. Malipo yake yaliniuma, lakini hayakufikia hata nusu ya nilichokwisha kumwaga kwenye dawa. Alianza na picha inayotumika sana katika tiba hii: mto unaotiririka taratibu, bila kikwazo, kama utumbo unavyotakiwa kwenda. Wengine unawafaa. Mimi, kila alipotaja maji yanateremka, tumbo lilinguruma nikaanza kuwaza choo kiko wapi. Tukaupunguza mto kasi. Tukaufanya ziwa. Wapi! Nyumbani nilisikiliza rekodi yake, mambo yakawa yaleyale. Mwishowe nikamwambia, "Mimi nikibanwa sioni mto, nahisi ngumi imekunjwa chini ya kitovu."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia niikunje ngumi kwelikweli na kuiweka hapohapo panapouma. Nikaambiwa nisikie joto la mkono likipenya ndani. Kila nikitoa pumzi, kidole kimoja kinafunguka, kuanzia kidole kidogo, polepole, wala nisikiharakishe. Kilipofika kidole gumba, kiganja kimelala bapa tumboni, joto limeenea hadi mbavuni, na gesi ilisikika ikisogea. Nilitokwa na machozi pale kitini. Tukatengeneza rekodi mpya, ya ngumi, kwa maneno yangu mwenyewe.

Rekodi hiyo niliisikiliza kila siku nikiwa nimekaa, kwa sababu kitandani nilikuwa nasinzia kabla ya kidole cha pili. Usiisikilize ukiendesha gari. Na jambo ambalo hakuna aliyeniambia mapema: fanya mazoezi tumbo likiwa limetulia. Ukingoja libane ndipo uanze, unajifunza kuogelea katikati ya mafuriko.

Sasa nikiwa kwenye kikao na tumbo likaanza kuvuta, mkono uko chini ya meza. Nakunja ngumi, naifungua kuanzia kidole kidogo, na jirani yangu hajui lolote. Mara nyingi inatosha. Zipo siku haitoshi, nikikosa usingizi hasa, na dawa yangu ya kutuliza msokoto bado ninayo mfukoni. Watu pia hatulingani katika kuipokea hipnosisi. Wengine inawagusa kidogo tu. Lakini juzi nimesafiri kwa basi kutwa nzima, kiti cha dirishani, baada ya miaka ya kukataa safari za namna hiyo.